Ulizeni Habari za Usiku

Nikiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa, baada ya salamu na kukaribishwa kiti, swali langu la kwanza huwa la yule anayeuguza. Namuuliza: jana usiku nani aliamka, mara ngapi, na kilichomwamsha ni nini? Wengi hunitazama kidogo kabla ya kujibu, maana hawajawahi kuulizwa. Wote waliotangulia walimwelekea mgonjwa, wakamuuliza anaendeleaje, wakaandika, wakaaga.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi kazi yangu mkoani Tanga imekuwa kusimamia huduma ya wagonjwa majumbani: wenye saratani iliyokwisha kusambaa, waliopooza baada ya kiharusi, wazee wasioweza tena kujigeuza kitandani. Nafanya kazi na wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hawa wenye baiskeli na begi mgongoni wanaojua kila njia ya shambani. Sehemu kubwa ya usimamizi huo ni kupima ubora, yaani kwenda kuona kama huduma tunayosema tunaitoa inamfikia mtu kweli. Naandika haya kwa sababu naona tunapima mahali pasipostahili, na wanaoumia kwa kosa hilo hawana wa kumwambia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wiki ina saa 168. Mgonjwa anayetembelewa mara 2 kwa wiki, kila mara kwa saa nzima, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko wanayopata wengi, amekuwa na mtaalamu kwa saa 2. Saa 166 zilizobaki yuko mikononi mwa binti yake, mkwe wake, mkewe, au mjukuu wa darasa la 6 aliyeambiwa wiki hii asiende shule. Wodini unaweza kumfuata muuguzi ukamtazama anavyofanya kazi, ukajua mengi. Nyumbani, ukimtazama muuguzi peke yake umepima saa 2 na kuziacha 166. Nasema tuzipime hizo 166. Huduma ya nyumbani ni nzuri kwa kadiri inavyomwezesha yule binti kumhudumia mama yake saa 8 usiku akiwa na dawa, akiwa anajua la kufanya, na akiwa na mtu wa kumpigia simu.

Fomu tunazojaza zina historia yake, na siyo historia ya kudharau. Miaka ya 1990 Ukimwi ulijaza wodi hadi wagonjwa wakalala sakafuni, na ikabidi watu wauguzwe kwao. Makanisa, misikiti na vikundi vya kina mama vilijitokeza. Dar es Salaam, Jimbo Kuu Katoliki lilianzisha PASADA, huduma kwa watu wenye Ukimwi, mwaka 1992. Kwa jirani zetu, Nairobi Hospice ilianza 1990, na mwaka 1993 daktari Mwingereza Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa nchini Uganda, akishikilia kwamba mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali ya bei nafuu, lazima iwafikie wagonjwa walioko nyumbani. Kwetu, kabla mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi haujaanza mwaka 2004, mhudumu wa nyumbani alikuwa na machache ya kumpa mgonjwa: kumwosha, kumlisha uji, kukaa naye. Kuhesabu nyumba zilizotembelewa kulikuwa na maana wakati ule, kwa kuwa kutembelea ndiko kulikokuwa huduma yenyewe. Dawa zilipofika, wengi waliokuwa wakisubiri kufa waliinuka wakarudi shambani na sokoni. Waliolala kitandani leo kwa sehemu kubwa ni wengine, wenye saratani na kiharusi na uzee, na mahitaji yao ni mengine. Lakini taarifa ya mwezi bado inauliza yaleyale: wangapi wametembelewa, wangapi wamepewa rufaa, wangapi wamefariki.

Daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba utazamwe katika mambo matatu: ulichonacho, unachokifanya, na kilichompata mgonjwa mwishoni. Kila mtu wa fani hii amefundishwa hivyo. Taarifa zetu zinajaa mambo mawili ya kwanza. Tuna baiskeli ngapi, tumepita nyumba ngapi. Lile la tatu tunaliacha kwa sababu tunadhani ni gumu kulipima kwa mtu ambaye tunajua hatapona. Siyo gumu. Mtu ambaye hatapona ana maumivu au hana, amelala au hakulala, ngozi yake ni nzima au imechubuka, amewaona rafiki zake au wamemkimbia. Yote hayo yanaonekana ukiwa umekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake.

Chama cha Tiba Shufaa Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kilitengeneza kipimo cha maswali 10 tu. Saba anaulizwa mgonjwa, matatu anaulizwa anayeuguza, na yote yanahusu siku 3 zilizopita. Majibu yanakwenda kutoka 0 hadi 5, na asiyeweza kusoma, au asiyetaka kusema, anajibu kwa mkono. Ngumi ni hakuna. Vidole vitano ni maumivu yaliyomshinda.

Mzee mmoja mvuvi, mwenye saratani ya koo la chakula, tulimkuta amelazwa uani chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya kukwaruza. Nikamuuliza maumivu yakoje.

"Nashukuru Mungu, mwanangu. Ninyi mnahangaika sana na sisi."

Mwenzangu alikuwa ameshaanza kuandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Nikamweleza mzee habari ya mkono. Akautazama mkono wake kitambo, kisha akanyanyua vidole vinne. Mkewe alikuwa pembeni juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuna aliyemuuliza, lakini aliacha kukuna, akajifuta mkono kwenye kanga, akaunyanyua na kuonyesha vitano.

"Usiku," akasema. "Mchana ana watu. Usiku ndiyo anauma meno."

Mzee hakuwa mwongo. Alikuwa na adabu, na mtu mwenye adabu hamlalamikii mgeni aliyepanda bodaboda kuja kumwona. Ndiyo sababu siamini dodoso la kuridhika na huduma. Nimeona madodoso ya namna hiyo yakirudi na sifa tupu kutoka kwenye nyumba ambazo mgonjwa hakuwa amepata dawa ya maumivu kwa siku kadhaa. Unapomuuliza mtu kama ameridhika, naye anajua wewe ndiye uliyeshika chupa ya dawa, jibu unalo kabla hujafungua daftari. Muulize vitu vilivyotokea. Jana alikula nini na saa ngapi? Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini? Akiumia kabla ya saa ya dawa unafanyaje? Kwa maswali hayo hakuna anayehisi anamsengenya muuguzi, na majibu yake yanakwambia kila kitu kuhusu muuguzi.

Chupa ya mofini nayo inasema. Kwetu inakuja ikiwa maji ya kunywa, yanayochanganywa kutoka kwenye unga. Gramu 1 ya unga huo inatoa lita nzima ya dawa ya nguvu ya miligramu 1 kwa kila mililita, yaani dozi 200 za miligramu 5. Dawa hii haina ughali wa kutisha. Inatolewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja ili asiamshwe saa 8 usiku. Sasa fanya hesabu. Anayekunywa mililita 5 kila mara anatumia mililita 30 kwa siku. Chupa ya mililita 300 itamfikisha siku 10. Nikifika siku ya 5 inatakiwa iwe nusu. Naomba niione, naiinua kwenye mwanga, naweka kidole usawa wa dawa. Ikiwa bado imejaa karibu na shingo, najua kuna jambo ndani ya nyumba ambalo hakuna aliyetuambia.

Mara nyingi jambo lenyewe ni hofu. Watu wameshuhudia jirani akipewa mofini wiki ya mwisho, akafa, na wakafunga hesabu kwamba dawa ndiyo iliyomwua. Kwenye nyumba moja kijana mkubwa wa mgonjwa alikuwa ameifungia chupa kabatini na ufunguo anao yeye mjini, kwa nia njema kabisa, akiogopa mama yake asije akazoea ulevi. Mahali pengine tatizo ni tumbo. Mofini inafunga choo, na asiyepewa dawa ya kulainisha pamoja nayo atakaa siku nyingi bila kwenda haja hadi aichukie chupa yenyewe na kuona heri maumivu. Hapo kosa ni letu sisi watoa huduma, na linaonekana kwenye swali moja tu la choo. Muuguzi anaona aibu kuliuliza mbele ya mkwe. Msimamizi lazima amfundishe kuliuliza, na yeye mwenyewe aliulize.

Kuhusu ngozi nina maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo ubora unapoonekana bila mtu kufungua kinywa. Mgonjwa asiyegeuka mwenyewe anaanza kuoza pale mfupa unapokutana na godoro: juu ya makalio kwenye mfupa wa mkia, kwenye nyonga, visiginoni, kwenye mabega, nyuma ya kichwa. Vitabu vinasema dalili ya mwanzo ni wekundu usiopotea ukibonyeza kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na muuguzi anayeusubiri ataona kidonda kimeshafunguka. Mimi nawafundisha wahudumu kutumia mgongo wa mkono. Pitisha taratibu kutoka kwenye ngozi nzima kwenda juu ya mfupa. Pakiwa pa moto kuliko jirani yake, au pamekuwa pagumu kama udongo uliokauka juu, au pamekuwa peusi zaidi na pana mng'ao, kidonda kimeanza chini kwa chini. Mwonyeshe anayeuguza, umshike mkono wake aupitishe yeye mwenyewe. Ukirudi baada ya wiki, mwombe yeye ndiye akuonyeshe mahali pa kuangalia. Akienda moja kwa moja kwenye kisigino na kwenye mfupa wa mkia, yule mhudumu aliyemfundisha amefanya kazi yake, hata kama fomu yake imejazwa ovyo.

Kuna agizo ambalo tunalitoa sana: mgeuzeni kila baada ya saa 2. Anayeuguza anaitikia, "Sawa, sista." Anaitikia kwa sababu sista amesema. Lakini ni mwanamke mmoja, ana watoto watatu, anachota maji kisimani, na kuna vibarua anavyokwenda asubuhi ili wapate unga. Akimgeuza mama mkwe kila saa 2 usiku kucha, baada ya siku 4 atakuwa mgonjwa wa pili. Agizo zuri ni lile lililokaa chini likaangalia nyumba. Tunasema: mgeuze mtakapolala, mgeuze utakapoamka kwenda chooni, mgeuze alfajiri. Katikati, weka mto au nguo zilizokunjwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro kabisa. Shemeji akirudi kwenye gulio ageuze yeye ile ya saa 4. Mpango huo una mapungufu, lakini utafuatwa. Ninapopima huduma namwomba anayeuguza anielezee mpango wake kwa maneno yake. Akinisomea agizo la saa 2 kama lilivyo, najua hakuna aliyekaa naye.

Halafu kuna harufu. Ni jambo zito, na wengi hulikwepa. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na ya titi iliyopasuka nje, hutoa maji yenye harufu inayojaza chumba. Mgonjwa anaisikia yeye mwenyewe kabla ya wote. Anaanza kukataa wageni, anajifunika hadi kidevuni, anaomba dirisha lifungwe ili majirani wasijue, na harufu inazidi. Tiba yake iko kwenye kila zahanati yenye dawa: vidonge vya metronidazole vilivyopondwa vikawa unga, vikanyunyizwa juu ya kidonda baada ya kusafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Ndani ya siku chache hali inabadilika. Kwa hiyo ninapofika naangalia wageni wanakaa wapi. Wakiwa wamekaa barazani wanaongea kwa sauti ya chini, na chumbani yuko peke yake na mlango umerudishwa, huduma yetu ina kasoro hata kama mhudumu amepita mara 3 wiki hiyo. Nikikuta jirani amekaa ukingoni mwa kitanda anamsuka nywele, siulizi sana. Nilishawahi kupendekeza kipengele hicho kiingie kwenye fomu ya usimamizi, "wageni wanakaa wapi", na wenzangu walicheka kidogo. Kwenye daftari langu kipo, na nakiamini kuliko vipengele vingi vilivyochapwa.

Wapo wanaosema msimamizi afike kwa kushtukiza, maana akitoa taarifa atakuta shuka mpya, chumba kimefagiwa, mgonjwa ameogeshwa. Ni kweli atakuta hivyo. Lakini nyumba ya mtu siyo ghala la dawa la kuvamiwa na mkaguzi. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anakuja kumwona mama yake akiwa nusu uchi, na familia inayofagia kwa ajili ya mgeni inafanya heshima, haifichi uovu. Ninachofanya ni kubadili saa. Nawaomba nije jioni, saa 12 au saa 1 usiku, wakati chakula kinapikwa, taa zinawashwa na mchovu wa siku nzima anakaa chini kwa mara ya kwanza. Saa hiyo ndipo unaiona nyumba inavyoishi. Naona kama kikombe cha maji kipo mahali mgonjwa anaweza kukifikia, au kipo mezani upande wa pili wa chumba. Naona nani anamlisha na kama anamwinua kwanza. Naona kama daftari la dawa lina alama za leo. Kwenye nyumba moja daftari hilo lilikuwa la mtoto wa shule, kurasa za mwanzo zina hesabu za kutoa na kujumlisha, na kurasa za nyuma mjukuu wa bibi amechora mistari na kuandika saa za mofini kwa rangi ya bluu, na kila dozi ya ziada kwa rangi nyekundu. Nyekundu zilikuwa zinaongezeka siku hadi siku. Hakuna ripoti ya mtaalamu iliyowahi kunieleza kwa uwazi vile kwamba dozi ya mgonjwa imekuwa ndogo. Ilipandishwa jioni ileile kwa simu ya daktari.

Simu ndiyo kipimo kingine ambacho gharama yake ni vocha tu. Kila huduma inatangaza namba ya dharura. Chukua namba hiyo, ipige saa 8 usiku, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Inapokelewa? Aliyepokea ni nani? Anajua mofini, au anasema njooni kituoni asubuhi? Fanya tena kwa namna nyingine, namna wanayotumia watu wenyewe: bipu, ukate. Familia nyingi usiku hazina salio. Huduma inayosubiri kupigiwa na mtu asiye na salio imejifungia mlango kwa ndani. Nilipoanza kuzipima simu kwa njia hii, nilikuta mahali ambapo simu ya dharura ilikuwa ikilala kwenye droo ya ofisi, imefungiwa, ikichajiwa vizuri. Sasa pale inalala na muuguzi wa zamu, na kuna fungu dogo la vocha kila mwezi ambalo halikuwepo. Kupata fungu hilo kulihitaji vikao vingi kuliko kununua pikipiki, kwa kuwa pikipiki inaonekana kwenye picha.

Wahudumu wa jamii nawatetea. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mimi nimefurahi, maana kwa miaka mingi tuliwadai kazi ya mwajiriwa kwa posho ya kujitolea. Anayekwenda kupimwa bila glovu, bila sabuni, bila pamba, asipewe alama mbaya yeye. Apewe aliyempeleka.

Siku hizi naulizwa maswali haya na watu wa aina nyingine pia: wenye mama mzee Tanga, Mombasa au Dar es Salaam na wao wenyewe wako Muscat, London au Minneapolis. Wanalipa mtu wa kumtunza mama, wengine kupitia kampuni, wengine binti tu aliyetafutwa na shangazi, na kila Ijumaa wanapata picha kwenye simu. Mama amekaa kwenye kiti, kanga mpya, anatabasamu. Wanauliza watajuaje kama anatunzwa. Nawaambia waombe kuona visigino. Wapige simu ya picha saa ambayo hawakuzoea kupiga, waulize mama amekula nini leo na wamsikilize mama mwenyewe, siyo anayejibu kwa niaba yake. Waangalie midomo: ulimi mkavu wenye utando mweupe unasema kwamba maji hayaletwi na kinywa hakisafishwi. Na wamuulize yule binti, kwa upole kama wanavyomuuliza mama: wewe unalala saa ngapi? Siku yako ya kupumzika ni ipi? Nani anakupokea? Aliyeajiriwa kukesha na mgonjwa usiku wote, kisha akapika na kufua mchana wote, atafika siku atashindwa kuinua mtu. Atamwinua kwa kumvuta mkono, ngozi ya mzee itachanika kiwikoni, na familia itasema ni mkatili. Wakati mwingine ni mkatili kweli na aondolewe siku hiyohiyo. Lakini kwanza hesabu saa zake za kulala.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote huja mwisho, baada ya mgonjwa kufariki. Wakati wa uhai familia haiwezi kutusema. Inaogopa chupa isirudi. Ikishazika, matanga yakaanuliwa, ikapita arobaini, tunakwenda tena. Huduma nyingi hazirudi, maana jina limeshakatwa kwenye rejesta na safari hiyo haina mstari wa kuijazia. Sisi tunarudi, kwanza kwa pole, kwa sababu tumekaa na watu hao. Na hapo, kikombe cha chai kikiwa mkononi, watu huongea.

Mjane mmoja alinieleza usiku wa mwisho wa mumewe tangu jioni mpaka alfajiri, saa kwa saa. Alisema yule dada wa zahanati alimfundisha mapema pumzi itakavyobadilika, kwamba itakuwa ya vipindi, itanyamaza kisha irudi, na kwamba mlio wa kooni ungemtisha yeye kuliko ulivyomuumiza mumewe. Ilipoanza aliitambua. Akamlaza ubavu, akamlowesha midomo kwa kitambaa, akawaita watoto wakae karibu, akawaeleza wao maneno yaleyale aliyoelezwa. Hakukimbilia bodaboda ya kwenda hospitali na mtu anayekata roho njiani. Sikuwa na safu ya kuandika hilo. Niliandika nyuma ya karatasi, nikaandika na jina la yule muuguzi ili nimpelekee salamu.

Kisha, kwa sauti ileile, mjane akaniambia jambo lingine. Mofini iliyobaki bado ilikuwa juu ya kabati, chupa zaidi ya nusu, tangu siku ya msiba. Aliogopa kuimwaga kwa sababu ni ya serikali, akaogopa kuirudisha kwa sababu angeulizwa mbona imebaki. Watoto wadogo walikuwa wanacheza chumbani mle. Tuliichukua siku ile, tukaipima mbele yake, tukaandika kiasi, yeye akasaini na mimi nikasaini. Sasa kila muuguzi wetu anafuata chupa ndani ya wiki ya kwanza baada ya mazishi, na msimamizi anayekuja kutupima anaruhusiwa kuomba karatasi hizo zenye saini mbili, moja moja, na kuzilinganisha na rejesta ya vifo.